Mbuzi wa Ngollo na Karnesheni za Mama Stela

Spesioza aliiona ndoo kabla hajamwona aliyeibeba. Ilikuwa ndoo ndogo nyeupe iliyowahi kuwa na rangi ya ukuta, na ndani yake vilichungulia vijiti vya kijani kilichofifia, vimeviringishwa kwenye kitambaa kibichi. Esperansi, jirani yake, alikuwa anashuka kwenye pikipiki. Vumbi la njia yote ya kutoka Tabora mjini lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope, begi lake linaning'inia begani likitaka kuanguka, lakini ndoo ile alikuwa ameikumbatia kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, Mama Justini."

"Marahaba, Mama Stela. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu. Wamemruhusu, ametoka hospitali ya Kitete, sasa yuko kwa kaka yangu."

"Na hizo ulizobeba ni mboga gani?"

Esperansi akacheka. "Si mboga, mama. Ni maua. Pale kwa masista tulipofikia yamejaa ua mzima. Wanayaita karnesheni. Ukiyanusa utadhani mtu ametia karafuu kwenye chai."

Spesioza alitabasamu, akasema hongera, akarudi ndani kwake. Lakini tabasamu lile liliishia mlangoni. Alikaa kwenye kigoda, akashika ungo wa maharage aliokuwa akichambua, akajikuta anatupa mazima na kubakiza mabovu.

Inafaa kueleza kwa nini. Pale kijijini Ulyankulu, kwenye kigango kidogo kilichojengwa kando ya njia ambayo Wanyamwezi wa zamani husema ndiyo iliyopitiwa na misafara ya chumvi na pembe, neno "maua" lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Spesioza. Mama yake ndiye aliyepamba altare ya kwanza, wakati kanisa lilikuwa nguzo na nyasi na watu bado wanaitwa wakimbizi kutoka Burundi. Mama alipozeeka akamkabidhi binti yake ufunguo wa kabati la sakristia, palipotunzwa vyombo vya maua, na ufunguo huo Spesioza aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Kila Jumamosi mchana alipita katikati ya kijiji na beseni kichwani, limejaa dalia nyekundu na zinia za kila rangi, na watu wakamwachia njia. Hakuwa mwenyekiti wa jumuiya. Hakuimba kwaya, maana sauti yake ilikwaruza. Mume wake, Aleksi, alilima tumbaku kama wanaume wengine wote. Kitu pekee ambacho Spesioza alikuwa nacho, na ambacho mwenzake yeyote hakuwa nacho, kilikuwa ile njia ya Jumamosi na beseni lile.

Sasa limekuja ua lenye harufu. Na dalia, kwa uzuri wake wote, hazinuki chochote.

Lazima tuseme kwamba Esperansi hakuwa mchoyo. Wiki haikuisha kabla hajagonga mlango wa jirani yake na vipande vitatu vya karnesheni mkononi.

"Jaribu na wewe, Mama Justini. Vyote vikikataa kwangu, labda vitakubali kwako."

Spesioza aliviotesha siku hiyohiyo. Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa tumbaku, aliviotesha jinsi anavyojua: akatengeneza kituta cha kitalu kivulini nyuma ya jiko, akakifunika kwa nyasi, akakimwagilia asubuhi na jioni mpaka udongo ukawa kama uji. Miche ya tumbaku ingemshukuru. Vipande vile vitatu viligeuka vya kahawia, vikalainika shingoni, vikalala. Alipovivuta vilitoka bila mzizi hata mmoja.

"Alinipa vilivyokufa," alimwambia mumewe.

"Vilikuwa vya kijani," Aleksi alisema. Alikuwa anasokota waya wa redio yake, ambayo tangu zamani ilizungumza kwa kumhurumia tu. "Niliviona kwa macho yangu."

"Vilikuwa vya kijani kwa juu. Vimekufa kwa ndani. Wewe hujui wanawake, Baba Justini."

"Ninamjua mmoja, ananitosha."

Upande wa pili wa uzio wa minyaa, mambo yalikwenda vingine. Esperansi alipanda karnesheni zake mbele ya nyumba, kwenye jua kali, juu ya tuta lililoinuka ili maji yasituame. Udongo wa kule ni wa kichanga na una uchachu, basi akawa anachota majivu kwenye bani, nyumba ya kukaushia tumbaku, anayanyunyiza kidogo kidogo shinani. Alimwagilia asubuhi tu, na kwa kikombe, chini ya majani, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Wadudu mafuta walipokuja aliloweka vikonyo vya tumbaku usiku mmoja na kuwanyunyizia yale maji, wakakoma. Mvua za mwaka mpya zilipozidi, akaitandikia miche paa la turubai. Spesioza aliyaona hayo yote kupitia tundu moja la minyaa ambalo hapo awali halikuwapo.

"Anaziwekea paa," alimwambia Aleksi. "Bani lao linavuja, tumbaku ya mumewe inaoza, maua yamewekewa paa."

"Umejuaje kama bani lao linavuja?"

"Nimesikia."

"Umesikia kwa jicho?"

Ilipofika Kwaresima, miche ile ilikuwa imefika magotini. Majani yake yalikuwa membamba kama ya kitunguu, yenye unga wa kijivu kana kwamba yamepakwa majivu ya Jumatano, na mashina yamesimamishwa kwa vijiti na kamba za katani. Altare wakati wa Kwaresima haipambwi, na kwa watu wengine jambo hilo ni dogo. Kwa Spesioza lilikuwa jambo kubwa kuliko kufunga nyama. Kwa wiki hizo zote kanisa linabaki tupu, macho ya watu yana njaa, na mkesha wa Pasaka maua yanapoingia, hata mzee kipofu huinua uso. Huo ndio ulikuwa mkesha wake. Mwaka mzima aliungoja huo.

Jumapili moja baada ya ibada, Kornel, katekista, alisimama mbele ya nyumba ya Esperansi na mikono nyuma, akizunguka tuta kama mnunuzi wa ng'ombe. Kornel alikuwa mwembamba, msemaji, na alipenda vitu vipya.

"Hizi zitachanua lini, Mama Stela?"

"Nikiziacha zinavyokwenda, Pasaka zitakuwa tayari."

"Ua moja moja?"

"Moja kila shina. Lakini kubwa."

"Basi Pasaka hii altare yetu itanukia! Weka mbele kabisa, hapo kwenye mshumaa wa Pasaka. Zile dalia zitakaa pembeni, zinajazia vizuri."

Zinajazia vizuri. Spesioza alikuwa anapita na kiti chake cha kanisani. Hakusimama. Aliwasalimu wote wawili, akauliza habari za watoto, akaenda kwake, akaweka kiti chini kwa uangalifu mkubwa kama kimejaa mayai. Usiku ule na usiku uliofuata maneno mawili yalimzunguka kichwani kama nzi ndani ya chupa. Dalia alizozipokea kutoka mkononi mwa mama yake. Zinajazia!

Hakupanga kufanya alichofanya. Angepanga, pengine angeogopa. Ilikuwa wiki ya kukata vilele vya tumbaku, wiki ambayo kijiji kizima kinahamia mashambani, na mtu anarudi na vidole vyeusi kwa utomvu unaonata, ambao sabuni haiuwezi. Tumbaku ikitaka kuchanua, unaivunja kilele. Unashika ncha kwa kidole gumba na cha shahada, unakunja kidogo upande, inalia *tak*, unaitupa, unakwenda kwenye mche unaofuata. Ua likishavunjwa, nguvu yote inashuka kwenye majani, na hayo ndiyo anayoyataka mkulima. Kilichovunjwa hakichanui. Hiyo ndiyo elimu aliyokua nayo Spesioza tangu akiwa binti mdogo, na hakuwahi kuona shamba lililoipinga.

Alikuwa amerudi peke yake kuchukua maji ya kunywa. Alipita mbele ya nyumba ya Esperansi kwa sababu ndiyo njia. Hakukuwa na mtu. Miche ilisimama kwenye jua, na kwenye ncha ya kila mmoja, ukitazama sana, kulikuwa na uvimbe mdogo kama punje ya mtama, ambao ungekuja kuwa tumba.

Aliinama ili auone vizuri. Ndivyo alivyojiambia baadaye: niliinama tu kuangalia.

*Tak.*

Vidole vilikuwa vimefanya kazi hiyo tangu alfajiri, na viliendelea kuifanya. *Tak, tak*, tuta lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka hata mche mmoja, maana mkulima mzuri haruki mche. Vilele vilivyovunjika alivikusanya kwenye upindo wa kanga, akavitupa kwenye shimo la choo chake. Kisha akachukua maji, akarudi shambani.

"Mbona umechelewa?" Aleksi aliuliza.

"Kamba ya ndoo ilikatika."

Jioni ile kilio cha Esperansi kilisikika mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Watu wakaja. Tobia, mumewe, mtu mkubwa mwenye hasira za karibu, aliangalia miche iliyokatwa, akaangalia barabarani, na kwa bahati mbaya ya mtu mmoja, alikuwa anapita Ngollo na mifugo yake. Ngollo alikuwa Msukuma aliyehamia kutoka upande wa Nzega, mwenye ng'ombe wengi, kofia moja, na mbuzi mmoja beberu mwenye madoa ambaye kila nyumba ilikuwa na kesi naye.

"Ngollo! Njoo uone kazi ya mbuzi wako!"

Ngollo akaja taratibu. Akachutama, akaangalia. "Huyu si mbuzi wangu."

"Ni nani basi?"

"Mbuzi wangu akila, anamaliza. Hawezi kuonja ncha na kuondoka kama mgeni wa heshima."

"Mbuzi wako alikula pazia langu!"

"Ndiyo, na alilimaliza. Halafu, ndugu yangu Tobia, haya si maua ya kanisani? Mbuzi wangu hali maua ya kanisani. Yeye si Mkatoliki."

Watu walicheka, hata Esperansi akacheka huku anafuta machozi. Spesioza alicheka pia, kwa sauti kubwa kuliko wote, akasema, "Huyo beberu mfungeni tu, atatumaliza." Ikaamuliwa kwamba beberu afungwe kamba. Ngollo alimwondoa akinung'unika kwa Kisukuma, na beberu aligeuza shingo mara moja, akamtazama Spesioza kwa jicho lake la manjano. Ama ndivyo alivyoona yeye.

Esperansi alibaki amechutama kwenye tuta mpaka giza lilipoanza kuingia. Alikuwa anapitisha kidole kwenye shina moja baada ya jingine, pale lilipovunjikia.

Mkesha wa Pasaka dalia zilisimama mbele, kwenye mshumaa wa Pasaka, nyekundu kama makaa. Kornel alisema kanisa limependeza. Wengine walisema limependeza. Spesioza alikuwa ameipata tena njia yake ya Jumamosi, beseni lake, na watu kumwachia njia. Lakini mzee mmoja kipofu, aliyekaa karibu na altare, aliinua uso, akavuta pumzi, akageukia jirani yake na kuuliza, "Yale yenye kunukia yako wapi? Nilisikia mwaka huu yapo yenye kunukia."

Ikiwa wivu una chakula chake, basi siku ile ulikula ukashiba. Na kumbe ulikuwa bado haujaona kitu.

Wiki chache baada ya Pasaka, Spesioza alipitisha jicho kwenye tundu la minyaa na kuona jambo lililomfanya atoke nje, azunguke uzio, na kusimama barabarani akijifanya anatoa mwiba kwenye kandambili. Miche aliyoivunja ilikuwa imetoa matawi. Chini ya kila jeraha, kwenye kila kifundo, kulikuwa kumechipua tawi jipya, na si moja. Yalikuwa manne, matano, mengine sita, yote manene na yenye afya. Tumbaku nayo hutoa vichipukizi, hilo alilijua, lakini vichipukizi vya tumbaku ni vinyonge na mkulima huving'oa. Hivi havikuwa vinyonge. Kule palipokuwa na shina moja lenye kwenda juu kama mshumaa, sasa kulikuwa na kichaka.

"Baba Justini," alisema jioni ile. "Kitu ukikivunja kichwa, kinaweza kuota vichwa vitano?"

Aleksi alifikiri. "Madeni," alisema, akaendelea na redio yake.

Mvua zilikata. Ukaja mwezi wa sita na baridi yake ya usiku, ukaja wa saba. Dalia za Spesioza zilinyauka, kama zilivyonyauka kila mwaka, akachimba mizizi yake iliyo kama viazi na kuihifadhi kwenye mchanga. Zinia zikawa vijiti. Kijiji kizima kikawa rangi ya vumbi. Na katikati ya vumbi hilo, mbele ya nyumba ya Esperansi, karnesheni zilianza kufunguka. Zilipenda jua lile la kiangazi na usiku ule wa baridi kana kwamba zimezaliwa Ulyankulu. Nyekundu, nyeupe, waridi, nyingine nyeupe zenye michirizi myekundu, kila petali imekatwa pembeni kama kitambaa kilichopita kwenye mkasi wa fundi. Harufu ilivuka minyaa. Ilimkuta Spesioza anasonga ugali. Ilimkuta anasali. Alihamisha kitanda upande wa pili wa chumba, ikamkuta.

Tarehe kumi na tano Agosti ni sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, na ndiye somo wa kigango chao. Mwaka ule Baba Askofu alikuwa anakuja mwenyewe kutoa kipaimara. Miaka mingine, kwa kuwa Agosti haina maua, Spesioza alijitahidi kwa bogonvila na matawi mabichi, na watu wakamsifu kwa kupata kitu pasipo na kitu. Safari hii Kornel alikuja nyumbani kwake wiki moja kabla, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akazungusha kofia.

"Mama Justini, unajua tunavyokuheshimu."

Mtu akianza hivyo, umeshapoteza. "Sema tu, Katekista."

"Mwaka huu tumeona altare apambe Mama Stela. Maua ni yake. Wewe utafungua kabati, umpe vyombo. Umsimamie."

"Nimsimamie."

"Kama mama yake wa ubatizo, tuseme."

Spesioza alishika ufunguo shingoni. Ulikuwa wa moto. Alisema, "Sawa," na Kornel aliondoka haraka bila kumaliza chai.

Mchana wa kuamkia sikukuu akina mama walijaa sakristia na nje yake, wengine wanasugua benchi, wengine wanamenya ndizi za kesho. Spesioza alifungua kabati, akatoa vyombo, akavipanga mezani kimoja kimoja. Kisha akakaa kwenye benchi na kutazama.

Esperansi alikuja na beseni. Beseni lile lilipoingia mlangoni, maongezi yote yalikatika. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, likamwagika pembeni. Mwanamke mmoja aliweka kisu chini na kustaajabu kwa Kirundi, "Yemwe!"

Na Esperansi akaanza kupanga. Alizitumbukiza kwenye chombo zote kwa pamoja, mashina yana urefu mmoja, kama kuni kwenye tela. Hakukata. Hakutenganisha rangi. Nyekundu zilizimeza nyeupe. Spesioza alikaa juu ya mikono yake. Aliona wazi jinsi inavyotakiwa: nyeupe juu, zimesimama, nyekundu zinashuka, zile zenye michirizi mbele ambapo jicho linafika kwanza. Alifumba macho ili asione, lakini harufu haihitaji macho.

Wakati huo Ngollo alifika na dumu la maziwa aliloahidi kwa ajili ya sherehe, maana ingawa hakuwa muumini, hakukosa karamu. Akaona beseni. Akapiga mluzi.

"Hizi ndizo zile zile zilizoliwa?"

"Ndizo hizo hizo," Kornel alisema. Alikuwa na furaha, na furaha ilimlegeza ulimi. "Ajabu ya Mungu, Ngollo! Mama Stela anasema zisingekatwa vichwa zingetoa ua moja moja, tena mapema. Kule kukatwa ndiko kulikozizidisha. Kwa kweli tunapaswa kumshukuru mbuzi wako."

"Nani?"

"Beberu wako! Yeye ndiye mpambaji wetu mwaka huu!"

Sakristia ikacheka. Mwanamke mmoja alisema Baba Askofu ambariki huyo beberu. Mwingine akasema apewe kipaimara kabisa. Ngollo, ambaye kwa miezi mitano alikataa kosa, aliona sasa kosa limegeuka sifa, akavuta kofia nyuma na kusimama wima.

"Basi niseme kweli," alisema. "Yule mbuzi ana kipaji. Tangu mdogo alikuwa hali ovyo ovyo. Anachagua. Mimi nilipomtazama nilijua, huyu ana mkono wa bustani."

"Mbuzi ana mkono!"

"Ana mdomo, lakini mdomo wa fundi! Tazameni kazi yake!"

Spesioza alikuwa amevumilia mengi. Alivumilia harufu kwenye ugali, "zinajazia vizuri," na "umsimamie." Lakini hapa waliuweka mbele ya macho yake uzuri mkubwa kuliko wote uliowahi kuingia kanisa lile, uzuri uliotoka kwenye vidole vyake mwenyewe, mche kwa mche, bila kuruka hata mmoja, na wakampa mbuzi.

"Mbuzi gani!" Alikuwa amesimama. "Mbuzi gani, nyinyi watu? Mbuzi anajua kuvunja chini ya kifundo cha pili? Ni mimi! Mimi ndiye niliyezivunja! Kwa vidole hivi!"

Akaviinua vidole hewani. Hapo ndipo aliposikia alichosema.

Nzi waliokuwa kwenye ndizi walisikika. Ngollo ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Mama Justini. Mbuzi wangu amefungwa kamba tangu Kwaresima."

Hakuna aliyecheka. Spesioza alitaka kushusha mikono lakini hakujua aiweke wapi. Alimtazama Esperansi, maana hakuwa na mahali pengine pa kutazama.

Esperansi alikuwa bado ameshika karnesheni moja nyeupe. "Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Kila shina lilikuwa na alama nyeusi. Mbuzi hana utomvu wa tumbaku kwenye meno. Na nani mwingine hapa kijijini angevunja tuta zima bila kuacha hata mche mmoja? Tobia angeacha nusu."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kuja kukupiga. Nilifika mpaka kwenye minyaa, nikakuta tundu." "Kisha nikakumbuka maneno ya sista. Aliniambia: ukizivunja kichwa utasubiri sana, lakini utapata nyingi, usipozivunja utapata moja, upesi. Mimi nilichagua upesi. Unajua kwa nini, Mama Justini? Ningeweza kungoja. Kiangazi hakina maua, ningekuwa peke yangu. Lakini nilitaka Pasaka. Nilitaka nipite njia yako na beseni kichwani, dalia zako zikiwepo, watu waone. Tangu nimeolewa hapa nakuona unapita, na mimi niko mlangoni namenya muhogo."

Kwa Spesioza maneno hayo yalikuwa ya ajabu kuliko karnesheni zote. Miezi yote hiyo alifikiri wivu umepanga nyumba upande mmoja tu wa minyaa.

Kornel alikohoa. "Sasa, Mama Justini, baada ya haya, kesho Baba Askofu yuko hapa, mimi sijui kama ufunguo…"

Spesioza alikuwa ameshaanza kuuvua shingoni. Ulinasa kwenye rozari, akawa anahangaika kuutenganisha, na machozi hayakumsaidia kuona.

"Mwache nao," Esperansi alisema.

"Lakini Mama Stela, amekuharibia…"

"Ameniharibia Pasaka. Hilo nitamdai mpaka nife. Lakini Katekista, kitazame hicho chombo. Kitazame vizuri. Nimekipanga mimi. Kinafanana na nini?"

Kornel alitazama, akatafuta neno la heshima, akakosa.

"Kuni," alisema Ngollo.

"Kuni," Esperansi alikubali. Akausukuma mkasi juu ya meza. "Alizivunja, azipange. Lakini beseni kesho nabeba mimi. Kichwani kwangu. Na wewe, Mama Justini, utatembea nyuma."

Lilikuwa jambo gumu, na Spesioza alilitafuna kwa muda. Kisha akachukua mkasi. Alitoa karnesheni zote nje, akazilaza mezani, akaanza kukata: nyeupe ndefu, nyekundu fupi, zenye michirizi mbele. Alipomaliza chombo cha kwanza, Ngollo aliuliza kama sasa anaweza kwenda kumfungua mbuzi wake.

Kesho yake Esperansi alipita katikati ya kijiji na beseni la maua yaliyobaki, na watu wakamwachia njia. Spesioza alitembea hatua chache nyuma, ufunguo shingoni, mkono mmoja umebeba fungu la majani ya viazi vitamu. Hayo alikuwa ameagizwa na Ngollo, yapelekwe kwa beberu mwenyewe baada ya misa.

Kanisa lilinukia karafuu mpaka kwenye benchi za nyuma. Yule mzee kipofu aliinua uso na hakuushusha ibada nzima. Mwishoni, kwenye matangazo, Kornel alisimama na kuwashukuru wote: kwaya, wapishi, waliochimba vyoo vya wageni. Kisha akasema Baba Askofu ameyasifu sana maua ya altare, na kwa hayo tunawashukuru akina mama wawili, Esperansi na Spesioza.

Watu walipiga makofi. Spesioza naye alipiga, kisha akamwinamia mumewe.

"Umesikia ameanza na nani?"

"Nimesikia," Aleksi alisema. "Shukuru hakumtaja mbuzi."